Chungu cha Samli Kiendacho Irindi

Mama mmoja alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na binti mmoja, na binti huyo aliolewa mbali. Mama aliitwa Nambike, na binti aliitwa Eliwaza. Kati ya nyumba zao palikuwa na bonde, mto na mgongo wa mlima. Kijiji cha binti kiliitwa Irindi. Asubuhi zisizo na ukungu Nambike aliuona moshi wa kule, akajisemea kwamba moshi mmojawapo lazima uwe wa jiko la mwanawe.

Katika milima ile mtu habebi mzigo mpaka mwisho wa safari. Mzigo hupita mikono. Kila nyumba hupokea kutoka kwa jirani wa nyuma, hufikisha kwa jirani wa mbele, kisha mwenye nyumba hurudi kwenye jembe lake. Haulizi mzigo utapita wapi baada ya hapo. Anaijua nyumba moja tu mbele yake, na hiyo inamtosha. Kwa namna hiyo viazi, asali na mikeka huvuka mabonde, na hakuna anayelala njiani.

Ili mzigo ujulikane pa kwenda, mwenye mzigo hupanda neno. Hivyo ndivyo wanavyosema wenyewe. Husimama mlangoni pa nyumba ya njiani, hushika mwimo wa mlango, na kusema: mzigo wa mahali fulani, mpe fulani. Mwenye nyumba hulirudia neno hilo kwa sauti. Tangu hapo neno linakaa. Halibadilishwi na mvua wala na uvumi. Aliyelipanda ndiye anayeling'oa, kwa mdomo wake, akiwa ameshika mwimo uleule.

Sasa desturi ya huko kuhusu mzazi ni hii. Mwanamke aliyejifungua hula samli ya kwa mama yake mpaka siku mtoto anapotolewa nje. Siku hiyo bibi wa kuumeni humpaka mtoto utosini samli iliyotoka kuukeni, yaani kwa watu wa mama, na majirani wote wanatazama. Isipokuwapo, atapakwa samli ya jirani yeyote, na ataitwa Mafuta ya Kuazima mpaka ndevu zimwote. Si dhambi. Ni jina tu. Lakini katika milima ile jina hushika kuliko ulimbo wa fenesi. Tena mama wa mzazi hakanyagi uwanja wa wakwe kabla siku hiyo haijapita na yeye mwenyewe kuitwa. Kwa hiyo samli huenda peke yake.

Nambike alilijua hilo. Tumbo la Eliwaza lilipokuwa kubwa, alijifunga khanga kiunoni akaenda kupanda maneno.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Kajiru, mahali njia nne zinapokutana. Kajiru alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kusema taratibu kama anayepanda ngazi. Nyumba yake ilikuwa na baraza kila upande, na kila baraza ilielekea njia yake.

"Chungu changu cha Irindi," alisema Nambike, mkono ukiwa mwimoni, "mpe Nakijwa wa mtoni."

"Chungu cha mama Eliwaza cha Irindi, nampa Nakijwa wa mtoni," Kajiru akarudia.

"Na mzigo ambao hukuambiwa neno lake, unaupeleka wapi?" aliuliza Nambike, maana alikuwa mwanamke wa kupenda kujua.

"Huo nauteremsha sokoni. Sokoni watu ni wengi. Hakosekani anayejua."

Nyumba ya pili ilikuwa ya Nakijwa, mjane mcheshi aliyekaa juu ya kivuko cha mto. Nambike akashika mwimo. "Chungu changu cha Irindi, mpe Mbwambo wa ng'ambo." Kisha akaongeza neno jingine, kwa sababu siku ile alijiona ana akili: "Na ukishindwa kukivusha, mrudishie Kajiru." Nakijwa akayarudia yote mawili. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mbwambo, mfuga nyuki. Yeye aliambiwa: "Mpe mama mkwe wa Eliwaza, mkononi mwake." Akarudia. Nambike akarudi kwake anaimba.

Eliwaza akajifungua salama, mtoto wa kiume. Chungu cha kwanza cha samli kilifika siku ileile kilipotumwa. Cha pili vilevile. Lakini vyungu vitupu havikurudi, mpaka nyumbani kwa Nambike hapakuwa tena na chombo cha kutilia samli. Akafuata njia mpaka kwa Mbwambo, akavikuta vyungu vyake vimepangwa mstari chini ya mizinga.

"Baba Mbwambo, mbona vyungu vyangu umevifanya pambo?"

"Mama, wewe uliniambia chungu cha kwenda Irindi. Hivi vinatoka Irindi. Hilo ni neno jingine, nami sikulisikia."

Nambike alicheka mpaka akaketi chini. Ni kweli. Njia ya kwenda haijui kurudi. Akashika mwimo akapanda neno la kurudi, akafanya hivyo kwa Nakijwa, na kwa Kajiru pia. Tangu siku hiyo chungu kilikwenda kimejaa na kurudi kitupu, na ndani yake Eliwaza aliweka jani la mchaichai. Maana yake ilikuwa: kimefika, mama, na tumekula.

Wabebaji hawakuomba malipo. Haki yao ilikuwa moja tu. Kila mkono uliopokea chungu cha samli uliruhusiwa kuchovya kidole mara moja na kulamba. Waliiita kidole cha njia. Chungu kilichokwenda sawasawa kilifika karibu kimejaa, na hakuna aliyenung'unika.

Juu ya mgongo wa mlima, kwenye njia nyingine iliyotoka kwa Kajiru, palikuwa na nyumba ya Elinaja. Huyu hakupenda maneno yaliyopandwa. Kila asubuhi alipanda juu ya jiwe akawaita majirani kwa sauti ya mchunga mbuzi: "Jamani, leo njia iko wapi?" Majirani walimjibu, naye akaipanga mizigo yake upya. Njia ikiziba popote, Elinaja alijua kabla uji haujaiva. Lakini kelele zake zilichosha watu. Na siku moja mtu mmoja wa bondeni, mpenda utani na mpenda vitamu, jina lake Kiangi, alimjibu kwamba asali yote sasa inapita kwake. Elinaja akaamini. Asali ikapita kwa Kiangi, na haikutokea upande wa pili.

Kiangi akanogewa. Akaenda kwa Kajiru.

"Kaka Kajiru, nimetumwa na mama Eliwaza. Samli yake siku hizi inapita kwangu."

"Mbona hakuja kushika mwimo?"

"Ana shughuli nyingi, kaka."

"Basi akizimaliza atakuja. Neno hili alilipanda yeye, ataling'oa yeye."

"Wewe Kajiru ni jiwe!"

"Ni jiwe, ndugu yangu. Lakini umewahi kuona jiwe limelamba samli ya mtu? Karibu uji."

Habari hiyo ilimfikia Nambike, naye akafurahi sana. Alisema usingizi wake sasa ni mzito, kwa sababu samli ya mwanawe iko mikononi mwa mtu asiyedanganyika.

Ikaja mvua ya masika, ile inayomwaga bila kupumua. Mchana mmoja kipande cha mlima kilishuka kati ya nyumba ya Nakijwa na nyumba ya Mbwambo. Kiliondoka na kivuko, na migomba, na njia yenyewe. Mungu alisaidia, hakuumia mtu. Lakini palipokuwa na njia pakabaki udongo mwekundu unaoning'inia, ambao hata mbuzi waliukataa. Ukungu ulikuwa umefunika mabonde, na kwa Nambike hakuna aliyejua.

Chungu kikaja kwa Kajiru kama kawaida. Kajiru akachovya kidole, akalamba, akakifikisha kwa Nakijwa. Nakijwa akachovya chake. Akautazama mlima ulioshuka. Akalikumbuka neno: ukishindwa kukivusha, mrudishie Kajiru. Akakirudisha. Kajiru akakipokea, akachovya, akalikumbuka neno lake: chungu cha mama Eliwaza cha Irindi, mpe Nakijwa. Akampelekea Nakijwa.

"Umekuja tena, kaka?"

"Nimekuja, dada. Neno ni neno."

"Na mlima je?"

"Pole sana kwa mlima. Lakini mlima haukushika mwimo wangu."

Mtauliza kwa nini hakuna aliyekwenda kumwambia mwenye samli. Ni kwa sababu chungu cha mzazi hakisemwi. Ndivyo walivyolelewa huko. Anayekizungumzia chungu cha mzazi kabla mtoto hajatolewa nje huhesabiwa ana kijicho, na mtoto akikohoa tu, jina lake ndilo litakalotajwa. Basi watu wawili wema, kila mmoja akitenda alivyoambiwa, walipokezana chungu kile kwa heshima na kwa kimya, asubuhi huku, jioni kule. Na kila walipopokezana, walichovya. Mashavu ya Kajiru yakaanza kung'aa kama ya bwana arusi. Nakijwa alijishika mikono akasema ngozi yake haijawahi kuwa laini namna ile tangu alipokuwa mwali.

Mwisho kidole cha Nakijwa kikagusa udongo wa chungu. Samli imekwisha. Na chungu kitupu, popote kilipo, hurudi kwa aliyekijaza. Hilo ndilo neno la kurudi alilolipanda Nambike mwenyewe.

Nambike alikipokea chungu chake mkononi mwa Kajiru kwa furaha, akaingiza mkono kutafuta jani la mchaichai. Halikuwamo. Akakigeuza, akakipiga kitakoni. Hakuna kitu.

"Kajiru, chungu hiki kilifika?"

"Kimerudi, mama Eliwaza."

"Najua kimerudi, si nimekishika? Nauliza, kilifika?"

Kajiru akatazama vidole vya miguu yake. Kisha akasema, "Hilo sijui, mama. Mimi naijua nyumba moja tu mbele yangu."

Nambike akamtazama usoni, na hapo ndipo alipoyaona mashavu.

"Na mafuta yote hayo?"

"Ni kidole cha njia, mama."

"Kidole kimoja ndicho kimekunenepesha hivyo?"

Kajiru akajipangusa mashavu. Kisha, kwa kuwa aliyeuliza ni mwenye chungu mwenyewe na si mtu wa pembeni, akasimulia yote: mlima, kivuko, neno lake, neno la Nakijwa, kwenda na kurudi. Alisimulia taratibu, kichwa ameinamisha, na alipomaliza alisema, "Sikuacha hata siku moja kufanya ulivyoniambia."

Nambike akahesabu siku. Mtoto alikuwa atolewe nje kesho yake. Ng'ombe alikuwa anakauka, na samli iliyobaki ndani ya nyumba ilijaa chungu kimoja kidogo, kile cha watoto kuchezea. Akikitia njiani kama njia ilivyo, kitaishia kwenye mashavu ya watu wema. Na mjukuu wake ataitwa Mafuta ya Kuazima mbele ya bibi yake wa kuumeni na mbele ya kijiji kizima.

Alitafuta wa kumlaumu. Kajiru alilitii neno lake. Nakijwa aliyatii maneno yake mawili. Aliyeyapanda maneno hayo yakazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake alikuwa ni yeye. Alipoliona hilo, hasira ikamtoka, na badala yake kikaja kicheko, kidogo, chenye machozi ndani.

"Haya, baba," alisema. "Nifuate. Kwanza njia, halafu chungu."

Akaifunika samli, akajifunga khanga, akatoka mikono mitupu. Kwa Nakijwa aliuona mlima ulioshuka, akashika kichwa.

"Mama Eliwaza," alisema Nakijwa kwa aibu, "nilikuwa nikila samli yako huku nakuombea."

"Naona maombi yamekukaa vizuri kwenye ngozi," akajibu Nambike, na wote wawili wakacheka. Akashika mwimo akayang'oa maneno yote mawili ya kwenda, na lile la kurudi pia. Nakijwa akarudia kwamba hana tena neno lolote la chungu kile.

Kutoka hapo walipanda mpaka kwa Elinaja. Elinaja alianza kusema kabla hawajaketi. "Njia ya juu ipo! Inapita ukingo wa msitu, inashukia nyuma ya mizinga ya Mbwambo. Nimeisikia jana. Niachie mimi, mama Eliwaza. Kesho asubuhi nitaulizia tena."

"Na kesho ukijibiwa na Kiangi?"

Elinaja akanyamaza, jambo ambalo halikuwahi kuonekana tangu abatizwe. Lakini Nambike hakumdharau. Masikio yale ndiyo yaliyompa habari ambayo Kajiru asingeweza kumpa. Akamshukuru. Kisha akaipita njia ile kwa miguu yake mwenyewe, akishika miti penye utelezi, mpaka akaiona mizinga ya Mbwambo na Mbwambo mwenyewe amekaa katikati ya moshi wake.

Kutoka kwa Mbwambo uwanja wa wakwe unaonekana. Nambike aliziona nguo ndogo za mtoto zimeanikwa kwenye kamba, zinapepea. Alisimama akazitazama.

"Nenda basi, mama. Ni hapo tu," alisema Mbwambo.

"Siwezi, baba. Nikikanyaga pale leo, nitakuwa nimemtoa mtoto nje kabla ya siku yake."

Akaugeuzia uwanja ule mgongo. Akashika mwimo wa Mbwambo. Neno la kwenda Irindi lilikuwa bado zima, akaliacha. Lakini neno la kurudi lilikuwa bado linaelekea kwa Nakijwa, kwenye udongo unaoning'inia. Akaling'oa, akapanda jipya: chungu kitupu kutoka Irindi, mpe Elinaja. Akarudi kwa Elinaja akapanda neno la kwenda na la kurudi, naye Elinaja akarudia polepole, akijizuia asiongeze habari zake. Mwisho wakafika kwa Kajiru.

"Chungu changu cha Irindi, mpe Elinaja wa mgongoni."

"Chungu cha mama Eliwaza cha Irindi, nampa Elinaja wa mgongoni," Kajiru akarudia. Kisha akabaki mdomo wazi. "Mama, sasa nina maneno mawili ya chungu kimoja. Nimpe Elinaja nusu na Nakijwa nusu?"

"Mungu wangu! Ling'oe la kwanza."

"Mimi siwezi kuling'oa. Ling'oe wewe."

Nambike akashika mwimo tena akaling'oa neno la kwanza. Akamwambia arudie yaliyobaki. Akarudia. Akamwambia arudie tena. Akarudia tena, na safari hii hata Nambike aliyekuwa amechoka akatabasamu, maana Kajiru alitamka kwa fahari ya mtu aliyevikwa nguo mpya. Kesho yake alfajiri chungu kidogo kikatoka.

Huko Irindi siku ikafika. Uwanja ulijaa watu, na chakula kilikuwa jikoni. Mama mkwe wa Eliwaza aliitwa bibi Namkunda, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili na moyo usio mbaya. Alimkalisha mtoto mapajani akatazama njia. Akatazama tena.

"Mkwe wangu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "huyo ng'ombe wa kwenu amehama au ameokoka? Mbona siku hizi hatoi kitu?"

Wanawake wakacheka. Eliwaza hakucheka. Tangu mvua ianze alikuwa hajaona chungu, na kila siku alimwambia mumewe kwamba mama yake hawezi kumsahau, na kila siku aliisema kwa sauti ndogo zaidi. Sasa alitazama chini. Jirani mmoja alikuwa ameshasogeza bakuli lake la samli, kwa nia njema kabisa. Bibi Namkunda akavuta pumzi, akanyoosha mkono kuelekea bakuli.

"Subirini! Msimpake mtoto mafuta ya watu!"

Alikuwa Mbwambo, anateremka mbio, masizi usoni, nyuki wawili bado wanamfuata.

"Mbwambo, unanuka moshi," alisema bibi Namkunda.

"Nanuka moshi, bibi, lakini hiki nilichobeba kinanukia kwa mama yake Eliwaza." Jirani alitaka kumpokea. Mbwambo akamkwepa. "La. Niliambiwa mkononi mwa bibi. Sikuambiwa mkononi mwa mwingine."

Akampa mkononi. Bibi Namkunda akafunua jani la mgomba, akanusa, na ulimi wake ukakosa pilipili. Akachota samli, akampaka mtoto utosini, akamwinua juu watu wamwone.

"Huyu ana kuukeni!" alisema.

Vigelegele vikapasuka. Havikupita kwa Mbwambo, wala kwa Elinaja, wala kwa Kajiru. Viliruka bonde moja kwa moja, na Nambike aliyekuwa amechuchumaa anakamua maziwa machache yaliyobaki akavisikia. Akajibu kwa kigelegele chake, kirefu, mpaka ng'ombe akaipiga ndoo teke. Hakuiokota upesi. Alikuwa amekaa chini ndani ya maziwa, anacheka.

Baadaye aliitwa Irindi, akampakata mjukuu wake mpaka mikono ikafa ganzi. Baadaye tena kivuko kikajengwa. Nambike hakungoja kuambiwa. Alikwenda kwa Kajiru akarudisha neno la Nakijwa mbele, kwa kuwa njia ya mtoni ni fupi, na la Elinaja akaliweka nyuma yake, la kutumika siku mlango wa Nakijwa ukifungwa. Na Nakijwa akapandiwa tena neno la Mbwambo, akaambiwa: siku mto ukikukatalia, usirudishe chungu kimyakimya; funga mlango wako, Kajiru auone. Tangu hapo, kila masika ikiisha, Nambike huipita njia yote. Husimama kila mlango na kuuliza jambo moja: "Mimi nilikuambia nini?" Mwenye nyumba hujibu. Lililo hai huachwa. Lililokufa hung'olewa.

Leo mna simu mikononi. Ujumbe unaomtumia mwanao aliye mbali nao hauendi mpaka mwisho kwa mkono mmoja. Hupita mtambo hadi mtambo, na kila mtambo unamjua jirani wake wa mbele tu. Iko mitambo inayoulizana habari za njia kutwa nzima, kama Elinaja. Na iko mingine ambayo fundi ameipandia njia kwa mkono wake, nayo hulishika neno kama Kajiru: haipigi kelele, haidanganywi na Kiangi, na haitaliacha neno lile hata mlima ukishuka mbele yake, mpaka fundi mwenyewe arudi alibadilishe. Mafundi wanajua hivyo, ndiyo maana hupita na kukagua.

Nasi tumepanda maneno mengi ndani ya watu. Tumemwambia mtoto, tumemwambia mke, tumemwambia ndugu: jambo likikufika, nenda kwa fulani, shida ikikupata, fanya hivi. Wao wakarudia, sisi tukaenda zetu tunaimba. Je, ni nani leo anayelitii neno lako kwa uaminifu wote, akienda na kurudi mpaka chungu kinakauka, kwa sababu wewe hujarudi kumwambia kwamba njia ile imeshabomoka?